Ushairi unanimaliza darasani, naombeni ushauri wakuu

Mwana HKL:
Habari zenu wakuu. Nipo kidato cha tano, nasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Riwaya na tamthilia sina shida nazo, shida yangu ni ushairi tu.

Kwanza utungaji. Tuliambiwa tutunge tarbia (mistari minne kwa ubeti) ya kimapokeo, mizani 8 kwa 8, yaani silabi nane kila nusu ya mstari. Mimi nikaanza hivi:

*Mvua imeanza leo, barabara zina tope,*
*Konda kapandishwa cheo, nauli mbili tulipe.*

Mwalimu kazungushia mstari wa kwanza kwa wino mwekundu: "mizani imezidi". Kwa vidole napata nane!

Pili uhakiki. Tulipewa shairi linalomzungumzia ng'ombe anayekamuliwa kila siku huku ndama wake analia njaa. Swali likataka dhamira kuu. Nikaandika "ufugaji". Darasa zima lilicheka. Jibu eti ni unyonyaji. Sasa mtu anajuaje? Neno unyonyaji halimo hata kwenye ubeti mmoja. Au kuna daftari la siri wanalo walimu?

Babu Vina:
Dogo, umehesabu "mvua" kama mizani mbili. Ni tatu: m-vu-a. Hiyo "m" inatamkwa peke yake, kama kwenye m-tu na m-ti. Lakini kwenye "mwalimu" ile "mwa" ni moja, kwa sababu m imeungana na w. Kwa hiyo: m-vu-a-i-me-a-nza-le-o, tisa. Andika "Mvua yaanza leo", mambo yamekwisha. Na acha kuhesabu kwa macho. Soma kwa sauti, gonga meza kila silabi. Sikio litakuambia kabla ya mwalimu.

"Konda kapandishwa cheo" nimeipenda sana, usiiguse.

Mama Tarbia:
Naongezea kwa Babu Vina. Huku Kenya tungekuuliza pia uhuru wa mshairi. Hiyo "kapandishwa" badala ya "akapandishwa" ni inkisari: umefupisha neno ili mizani itoshe. Ukijua kuitaja, unaitumia kutunga na unaipata tena kwenye uchambuzi.

Kuhusu ng'ombe, mdogo wangu, hakuna daftari la siri. Kabla ya kutafuta dhamira, liandike shairi zima kwa lugha ya kawaida, ubeti baada ya ubeti, kama unamsimulia mtu ambaye hajalisoma. Kisha uliza: anayekamua ni nani? Maziwa yanakwenda wapi? Anayebaki na njaa ni nani? Ukishaandika kwamba mwenye maziwa hanywi na mwingine ananenepa, neno unyonyaji litakuja lenyewe. Shairi lingekuwa la ufugaji lingetuambia habari za malisho, kupe na josho. Hili linatuambia ndama analia. Angalia mshairi amemhurumia nani, dhamira huwa iko upande huo.

Kunguru wa Pwani:
Mimi natofautiana kidogo. Walimu nao wanachangia. Dhamira "kuu" inaandikwa ubaoni, wanafunzi wanainakili, mjadala umefungwa. Kuna mwanafunzi angeweza kusema shairi hilo linahusu mama na malezi, akaonyesha na mistari ya kumtetea. Huyo anatakiwa asikilizwe. Asiyesikilizwa ni yule anayetaja dhamira halafu hana mstari hata mmoja mkononi. Kila hoja funga na ushahidi: ubeti wa ngapi, maneno gani.

Mwana HKL:
Asanteni sana. Swali jingine: kama vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani vinanisumbua hivi, si niandike tu mashairi huru?

Kunguru wa Pwani:
Ugomvi huo ni wa zamani. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walikuja juu kwamba yale si mashairi. Leo yanasomwa mashuleni. Ila swali lako lilisema "tarbia ya kimapokeo", kwa hiyo hapo huna pa kukwepea. Halafu usidhani huru ni rahisi. Ukiondoa vina, picha na mapigo ndivyo vibebe mzigo wote, vinginevyo unabaki na sentensi zilizokatwakatwa.

Mama Tarbia:
Kweli kabisa. Na usichanganye muundo na mtindo, wengi huangukia hapo. Mistari minne kwa ubeti, yaani tarbia, huo ni muundo. Kimapokeo au huru, huo ni mtindo.

Mwana HKL:
Nimegonga meza mpaka wenzangu bwenini wamelalamika. Mstari wa tatu huu hapa:

*Dirisha bila kioo, mwavuli nani anipe*

Nimekwama kwenye kibwagizo, ule mstari wa mwisho.

Babu Vina:
Nane kwa nane, safi. Kibwagizo kitarudi kila ubeti, kwa hiyo kiwe kitu ambacho abiria wote wangekipigia kelele. Na si lazima kifuate vina vya mistari ya juu. Jaribu: *Konda shusha, konda shusha, miguu inaniuma.*

Kunguru wa Pwani:
Babu, hicho kesho nakiimba kwenye gari la Mbagala.