Mtoto kavunjika mifupa akiwa bado tumboni, eti kisa ndoo za maji?

dadamkubwa: Wakuu habari zenu, mdogo wangu ana mimba ya wiki 21, juzi kapigwa altrasaundi wakaona mapaja ya mtoto mafupi na yamepinda, mbavu nazo zina alama kama zilivunjika zikaunga, daktari kasema inaelekea ni osteojenesisi imperfekta, ugonjwa wa jeni unaofanya mifupa ivunjike kirahisi. Sasa ukweni wameshaanza, eti alikuwa anabeba ndoo, mwingine anasema hakunywa maziwa, binti analia tu. Na kwetu wala kwao hajawahi kuwepo mtu wa hivyo, karithi kwa nani?

mtuwamaabara: Pole sana dada. Ndoo haihusiki kabisa, na maziwa pia. Mfupa siyo kalsiamu tu, ndani yake kuna nyuzi za protini inaitwa kolajeni ndizo zinaushika usimeguke, na kila uzi ni minyororo mitatu imesokotwa kama kamba. Ili isokoteke, kila nafasi ya tatu lazima ikae glaisini, amino asidi (kipande cha kujengea protini) ndogo kuliko zote, ikikaa nyingine pale msokoto unakwama.

Sasa watu wengi hapa hawaamini, kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kolajeni, moja ikizima kabisa ni afadhali, mtu anabaki na kolajeni nusu ila nzima, atavunjikavunjika utotoni, weupe wa macho una ubluu, lakini anaishi. Ikikosea herufi moja tu ya jeni, pale pa glaisini pakakaa nyingine, ndio balaa, maana mnyororo mbovu unaingia kwenye msokoto pamoja na wazima, na ikiwa ni ule mnyororo unaotumika mara mbili (kati ya ile mitatu, miwili ni ya aina moja), robo tatu ya nyuzi zote zinaharibika. Kosa lenyewe kwa aina kali mara nyingi ni jipya, halikutoka kwa babu wala bibi.

mkunga_mstaafu: Niongezee, kolajeni hiyo siyo ya mifupa tu. Mwaka 1984 watafiti walieleza panya waliozimwa nakala zote mbili za jeni ya kolajeni hiyo, vijusi vilikufa siku ya 12 hadi 14 ya mimba kwa mishipa ya damu kupasuka, hapo mifupa hata haijaanza kukomaa.

dadamkubwa: Asanteni sana jamani. Na mimba ijayo je?

mtuwamaabara: Mara nyingi hairudi, ila mzazi mzima kabisa anaweza kuwa na kosa kwenye baadhi ya mayai au mbegu zake, na zipo aina chache ambazo wazazi wote wamebeba kimya kimya, hizo ni 1 kwa 4 kila mimba. Ombeni vipimo vya jeni, na baba naye apimwe, asiachiwe binti peke yake. Altrasaundi ijayo muulizeni na ukubwa wa kifua, aina kali watoto wanashindwa kupumua.