Msaada jamani: chuo chenye jina au kinachomfaa mtoto? (1 Mei inakuja)

Mama Neema (St. Paul), Jumapili usiku

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimetoka zamu, mnisamehe nikikosea kuandika. Neema amepata vyuo viwili. Kimoja ni kikubwa, kiko jimbo lingine, jina lake hata mama mkwe wangu kijijini analijua. Kingine ni chuo cha jimbo hapa Minnesota, kidogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Hiki kidogo kilileta barua ya msaada tangu Machi. Kile kikubwa kimemwingiza kwenye uhakiki wa FAFSA (ile fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo), na hapo ndipo tulipokwama. Baba yake yuko Morogoro, hana SSN (namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani), hajawahi kukanyaga nchi hii, halafu ofisi inataka barua ya IRS, watu wa kodi wa Marekani, kuthibitisha kwamba hakuwasilisha kodi. Awasilishe kodi kwa nani? Alhamisi nimekaa kwenye gari na yunifomu yangu, simu sikioni, dakika 52 za muziki. Akapokea kijana, akasema "ombi lenu linashughulikiwa", akakata.

Diposito ya kushika nafasi kote kuwili mwisho 1 Mei. Swali langu ni moja tu: naweza kuwaomba hao wakubwa waniongezee muda mpaka barua yao ya msaada itoke? Na naombaje, kwa simu au kwa maandishi?

Baba Kelvin (Houston)

Shemeji, hapo hakuna cha kufikiria, chukua jina. Mimi nilisoma chuo ambacho kila nikienda usaili naanza kueleza kiko mji gani. Miaka 20 sasa bado naeleza. Hela isikutishe, kuna Parent PLUS, mkopo wa serikali kwa wazazi, inafunika yote yaliyobaki. Na kwenye FAFSA ungejijaza wewe peke yako, mtoto si anaishi kwako? EFC, kile kiasi wanachohesabu familia inaweza kuchangia, ingeshuka na huo uhakiki usingekupata.

Halima RN (Columbus)

Kaka, EFC tulishaizika. Tangu fomu ya 2024-25 ni SAI. Na hiyo ya "mtoto anaishi kwa nani" ilikuwa ya wazazi walioachana, nayo imebadilika: sasa anajaza aliyetoa hela nyingi zaidi za kumtunza mtoto kwa miezi 12 iliyopita. Mama Neema hajaachika, usimvunjie ndoa kwa ajili ya fomu! Wote wawili wanaingia. Kujaza peke yake ni kudanganya kwenye fomu ya serikali, na sisi wenye mafaili uhamiaji hatuchezi na kitu hicho.

Na PLUS haifuniki yote tena. Kuanzia 1 Julai 2026 anayekopa mara ya kwanza anaishia dola 20,000 kwa mwaka, na 65,000 kwa mtoto mpaka amalize. Mtoto mwenyewe mwaka wa kwanza mkopo wa serikali ni 5,500. Piga hesabu kabla ya kushauri watu.

Mama Neema, anasomea nini?

Mama Neema

Unesi. Ndiyo maana nachanganyikiwa. Kule kikubwa hawajamchukua unesi wenyewe, wamemchukua "pre-nursing". Atasoma sayansi kwanza, halafu aombe upya na wenzake wote wagombee nafasi. Hiki kidogo kimemchukua unesi moja kwa moja.

Tulikwenda kote. Kule kikubwa tulikuwa kama watu 60 tunamfuata kijana anayetembea kinyumenyume akituonyesha maktaba. Huku kidogo mwalimu alitupeleka chumba cha mazoezi, kuna mwanasesere wa mtu mzima amelala, kifua kinapanda na kushuka. Kitanda chake ni kile kile ninachopandisha na kushusha usiku kucha kazini. Mguu wangu ukabonyeza pedali wenyewe, kitanda kikapanda, mwalimu akacheka: "Mama, naona wewe ni mwenzetu." Neema aliona aibu akageukia dirishani. Lakini njiani kurudi aliongea habari za yule mwanasesere tu.

Tatizo baba yake ameshatangaza kanisani jina la kile kikubwa.

Halima RN

Mama Neema, NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, ni moja kwa wote. Kompyuta ya mtihani haiulizi ulisoma wapi. Mimi nilianza community college, nikachukua ADN (unesi wa miaka miwili), nikafaulu, hospitali ikanisaidia kulipia BSN, digrii kamili ya unesi. Wasichana wawili wa kwetu hapa walikwenda vyuo vya majina kwa njia hiyo hiyo ya "pre", wakakosa nafasi, wakabadilisha somo. Deni halikubadilika.

Waulize hao wakubwa: kati ya wanaoanza "pre-nursing", wangapi wanaingia unesi? Na hicho kidogo, angalia waliofaulu NCLEX mara ya kwanza ni asilimia ngapi, bodi za unesi za majimbo huwa zinatoa hizo namba. Kama namba ni mbaya, basi hata udogo wake haukusaidii.

Mwalimu (Boston)

Halima, unesi ni unesi, lakini usifanye ionekane jina halina kazi popote. Wachumi Dale na Krueger walichapisha utafiti mwaka 2002. Waliwalinganisha vijana waliokubaliwa na vyuo vya kiwango kimoja, ila wengine wakaenda vyuo visivyo na jina. Baadaye mishahara yao haikuachana sana. Watu hupenda kuishia hapo. Lakini waliotoka familia za kipato kidogo, kwao chuo kikubwa kilileta tofauti. Watoto wetu wengi ndio hao. Kijana anayetaka benki au uwakili, ningemwambia afikirie sana kabla ya kuliacha jina. Nesi, aende anapohakikishiwa nafasi.

Mama Abdi (Minneapolis)

Hakuna aliyemuuliza mapato? Minnesota tuna North Star Promise tangu 2024. Familia chini ya dola 80,000, chuo cha umma cha hapa hapa, karo inalipiwa ile inayobaki baada ya misaada mingine. Bweni na chakula ni juu yako. Ng'ambo ya mpaka wa jimbo haikufuati. Wangu wa pili anasoma hivyo, anakuja nyumbani Ijumaa na nguo chafu.

Baba Kelvin

Sawa, nimesahihishwa, asanteni walimu. Lakini nyie hamkumbuki? Sisi hatukuchagua chuo, tulichaguliwa. Matokeo ya kidato cha sita yanabandikwa, unatafuta jina lako kwa kidole, na ukipata Mlimani baba anachinja. Hakuna aliyeuliza kama Mlimani "inakufaa". Unafaa wewe. Leo Kelvin ananiambia chuo fulani hakina "mazingira". Mazingira! Nilibeba godoro kichwani kutoka Ubungo.

Sisi Watanzania tungekuwa na uraia pacha ningemrudisha akasome kule kule.

Mwalimu (Boston)

Sisi Wakenya tunao tangu katiba ya 2010, na wangu akisikia neno Nairobi anauliza Wi-Fi.

Baba Kelvin

Kwa hiyo kosa la mtoto wako ndiyo sera ya nchi? Acha hizo.

Msimamizi

Uraia pacha una mada yake, imejaa tangu Januari. Hapa turudi kwa Mama Neema.

Mama Abdi

Kuhusu ile barua: mwambie shemeji aende TRA Morogoro aombe barua yao. Sisi ofisi moja ilikubali barua ya mamlaka ya kodi ya nyumbani badala ya IRS. Nyingine ilikataa. Inategemea umempata nani dirishani.

Mama Neema, Ijumaa alfajiri

Asanteni wote. Jana nimerudi kazini nikakuta Neema ameshalipa diposito mwenyewe, hela zake za kule anakofanya kazi wikiendi. Chuo kidogo. Amebandika risiti kwenye friji, hakuniamsha wala hakuniuliza. Baba yake bado sijamwambia, Jumapili wana kipaimara na ataulizwa tu.

TRA walitoa barua, siku tatu tu, nikashangaa. Ila sasa hiki kidogo nacho kimeandika kwamba kimemchagua Neema kwa uhakiki, kinataka karatasi hizo hizo, na barua ni ya Kiswahili. Wanataka tafsiri iliyothibitishwa. Nani hapa anatafsiri na kugonga muhuri? Mpaka Jumanne.