Tupeane uzoefu: mama na bibi zetu walifanya kazi gani vijijini wakati wa Vita vya Kagera, 1978–1979?

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kila ifikapo Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunayarudia maneno aliyoyatamka Mwalimu Nyerere Novemba 2, 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Tunawataja makamanda, tunataja Mutukula, Masaka na Kampala iliyoanguka Aprili 1979. Nayaheshimu yote hayo kwa moyo wangu wote. Lakini nimewasikiliza akina mama wengi wa iliyokuwa Wilaya ya Bukoba Vijijini, ambayo wakati huo ilikuwa na eneo lote ambalo leo ni Wilaya ya Missenyi, nao wamenifanya niulize mambo ambayo hotuba hazikuyagusa. Maelfu ya watu waliovuka Mto Kagera wakikimbia walilala kwa nani? Nani aliwapikia kabla Serikali haijafika na chakula? Wanaume walipochukuliwa mgambo, nani alipalilia migomba, na nani alikwenda kukaa na yule aliyepata habari za msiba?

Kazi hizo zilifanywa na wanawake, nyingi kwa kujitolea, baadhi kupitia matawi ya UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanzania, na nyingine kwa kuitana tu jirani kwa jirani. Kwa kuwa zilifanana na kazi za kila siku za nyumbani, hakuna aliyeona haja ya kuziandika. Naomba kila mwenye kumbukumbu, iwe yake mwenyewe au aliyosimuliwa na mzazi wake, aieleze hapa kwa ukamilifu, akitaja eneo na jinsi kazi ilivyofanyika hasa. Majina ya watu tusiyataje.

Mchangiaji kutoka Kiziba

Nashukuru kwa mada hii, maana mama yangu alifariki bila mtu yeyote kumuuliza. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na nyumba yetu ilikuwa kusini mwa mto, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Kyaka. Watu wa ng'ambo walianza kupita kwetu kabla hatujaelewa vizuri kilichotokea: akina mama wenye watoto mgongoni, wazee walioshikwa mkono, huyu na godoro, yule na kuku wawili. Daraja la Kyaka lilipolipuliwa mwanzoni mwa Novemba, waliochelewa walitafuta mitumbwi, na wengi walifika kwetu usiku wakiwa wamelowa.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo uwanja wetu ndio uliogeuka kituo. Hata hivyo, aliyekiendesha kituo hicho alikuwa mama, ambaye alikuwa katibu wa tawi la UWT. Jioni ya kwanza aliwaita wanawake wa kitongoji akawagawia kazi: kundi la kumenya ndizi, kundi la kuchota maji bondeni, kundi la kuni, na wanawake wazima wawili wa kukaa na wajawazito, kwa sababu miongoni mwa waliofika walikuwemo waliokaribia kujifungua. Kila nyumba ilitoa mkungu kwa zamu, na mwenye migomba michache alitoa maharage. Mama aliyaandika yote katika daftari langu la shule, mbele yakiwa majina ya walioleta na nyuma majina ya waliofika na vijiji walikotoka, na daftari hilo ndilo lililowawezesha watu waliotengana njiani kupatana. Mtu alikuwa akifika, anasomewa majina, na akisikia jina la mkewe au la mtoto wake anaelekezwa nyumba aliyolala.

Ndizi zilimenywa tangu alfajiri. Mafuta ya kupaka mikononi hayakuwepo, kwa hiyo utomvu uliwaganda vidoleni hadi mikono ya akina mama wote ikawa myeusi, na hakuna aliyekuwa na sabuni ya kutosha kuiondoa. Walipikia katika pipa lililokatwa nusu, na kwa kuwa halikuwa na kifuniko walilifunika kwa majani mabichi ya migomba yaliyopangwa tabaka kwa tabaka ili mvuke usitoke. Wageni walikula kwanza, kisha watoto wetu, kisha wapishi kama kimebaki kitu.

Wanajeshi wetu walipoanza kufika, kituo hakikufungwa. Kilipata tu kazi ya pili. Huo ulikuwa msimu wa senene, wadudu wa kuliwa wanaofanana na panzi, na nakumbuka akina mama wakiwakusanya majanini alfajiri, wakiwakaanga na kuwafungia vijana wa jeshi ambao wengi walitoka mikoa isiyowajua senene kabisa. Wapo waliokataa katakata, na wapo waliorudi kuomba tena.

Mchangiaji kutoka Bukoba

Kwa upande wa mjini nitasema kwa ufupi. Watu wengi walikuwa wamehama kwa hofu baada ya kusikia mizinga, na waliobaki walichimba mahandaki na kuzima taa usiku. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na walimu wenzake wanawake walikubaliana kwamba watoto waliobaki, pamoja na wa waliokimbia, wasikae bure, basi wakawafundisha chini ya miti karibu na mahandaki, madarasa mawili matatu yakiwa yamechanganywa. Hawakuagizwa na mtu. Mama alisema mtoto anayefanya hesabu haulizi kila dakika kama baba yake atarudi.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana. Habari ya daftari naomba tuishikilie, kwa sababu inaonyesha kwamba kazi hii ilikuwa na utaratibu. Kupika kwa ajili ya watu wengi kwa wiki nyingi kunahitaji mtu anayejua nani ametoa jana ili asiombwe tena leo, nani ana mgonjwa ili aachwe, na kuni zitatoka wapi mvua ikinyesha. Kwa lugha ya ofisini tungeuita uongozi. Wengine tafadhali endeleeni, hasa wenye habari za hospitali.

Mchangiaji kutoka Muleba

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa akina mama wa kanisani waliokuwa wakienda kuwahudumia majeruhi. Sitaitaja hospitali, kwa kuwa nitakayoyaeleza yanahusu pia upungufu wake wa wakati ule. Katika hospitali zetu za vijijini, kama mnavyojua, mgonjwa hutegemea ndugu zake kwa chakula, kwa kufuliwa nguo na hata kwa kuogeshwa. Sasa akaletwa kijana wa Mtwara au wa Mara, hana ndugu hata mmoja Kagera nzima, na wauguzi ni wachache. Akina mama hao walikubaliana kwamba kila mmoja atakuwa "ndugu" wa wagonjwa wawili au watatu. Bibi alipewa watatu. Aliwapelekea uji asubuhi, akachukua mashuka na kwenda kuyafua mtoni pamoja na wenzake, wakitumia majivu pale sabuni ilipokosekana, na jioni alirudi kuwasikiliza.

Neno hilo la kuwasikiliza ndilo alilolirudia kila aliposimulia. Kazi ya kufua ilimchosha mgongo, lakini kazi iliyomchosha kweli ilikuwa kukaa na kijana aliyekatwa mguu ambaye hakutaka barua iandikwe kwao. Bibi hakujua kuandika. Alimtafuta binti wa sekondari awe anaandika, naye akawa anamwambia kijana yule: "Leo tuandike salamu tu, mengine tutayaandika siku nyingine." Barua ya kwanza ilikuwa na salamu tupu. Ya mguu iliandikwa baada ya muda mrefu, na jibu lilipokuja kutoka kwa mama yake kijana, lilianza kwa kumshukuru "mama wa huko Bukoba".

Katika mkoa wetu pana makaburi ya mashujaa pale Kaboya. Bibi alikuwa akienda kila alipoweza, kwa sababu kati ya watatu wake mmoja hakupona.

Mchangiaji kutoka Singida

Naomba nafasi ingawa kwetu ni mbali na mpaka. Vita ile iliwachukua wanamgambo kutoka vijiji vya nchi nzima, na iliwachukua wakati mvua za kupanda zinaanza. Katika kijiji chetu wanawake walikubaliana kwamba mashamba ya waliokwenda vitani yatalimwa kwanza, kabla ya mashamba ya wenye waume nyumbani. Palikuwa na mnung'uniko, na si vizuri tukauficha, kwa sababu mvua haimsubiri mtu na kila mmoja aliogopa njaa yake. Mwenyekiti wa UWT wa kijiji, ambaye mumewe alikuwepo nyumbani, alimaliza ubishi kwa kuliweka shamba lake mwenyewe kuwa la mwisho.

Jioni wote walikusanyika kwenye redio moja. Walimsikiliza Ben Kiko akitangaza kupitia Redio Tanzania kutoka uwanja wa vita, na mama yangu alisema walikuwa wakisikiliza majina ya mahali, wakihesabu Mutukula, kisha Masaka, bila kujua miji hiyo ikoje, wakijua tu kwamba waume zao wanazidi kwenda mbali. Betri zilipopungua nguvu, waliziweka juani mchana. Walichanga hata kwa ajili ya hizo betri.

Mchangiaji kutoka Missenyi

Nimesoma yote kwa machozi na kwa shukrani, kwa kuwa sisi ndio tuliopokewa na hao akina mama wa kusini ya mto. Nataka kueleza sehemu ambayo husahaulika kabisa, yaani kurudi.

Tuliporudi mwaka 1979 tulikuta nyumba zimechomwa, ng'ombe wameswagwa, kiwanda cha sukari kimeharibiwa, na kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba, kimekuwa msitu. Wanaume wengine walikuwa wameuawa na wengine bado wako jeshini. Shangazi yangu alikuwa mjane tayari. Wanawake wa kitongoji waliunda kikundi cha kusaidiana kwa zamu: kibanja kimoja kinafyekwa na wote, kinawekwa matandazo, kisha wanahamia kinachofuata, wakianza na wajane na wazee. Machipukizi ya migomba waliyafuata kusini, kwa wale wale waliotulisha, nao waliyatoa bila malipo. Wanawake walirudi nayo vichwani. Migomba unayoiona leo kwa shangazi inatokana na ile iliyobebwa siku hizo.

Kilichofuata kinaniuma hadi leo. Shangazi alikuwa na mabinti watupu. Miaka michache baadaye, kibanja kilipokuwa kinazaa vizuri, ndugu wa marehemu walikuja kusema kwamba ardhi ni ya ukoo na kwamba mwanamke ana haki ya kula tu, hana haki ya kumiliki. Huyo ndiye aliyekifyeka kutoka msituni! Ndivyo mila yetu ya Kihaya ilivyokuwa ikitafsiriwa, na mila hiyo ilikuwa imeandikwa katika tangazo la sheria za mila la mwaka 1963. Shangazi alikaa katika kibanja hicho kwa wasiwasi kwa miaka mingi. Ilipofika 1990, Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, ambayo ilihusu mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo inapingana na haki za msingi zilizomo katika Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka wazi haki sawa ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Shangazi alisomewa habari ya hukumu ile na mwalimu wa kijiji, akamwomba aisome mara ya pili.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba wanawake "walisaidia" wakati wa vita, naona haitoshi. Waliirudishia wilaya yetu chakula chake na kuifanya ikalike tena, halafu wengi wao wakaambiwa kwamba ni wageni katika mashamba hayo.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu wa Missenyi, nakushukuru kwa kuyasema haya waziwazi. Nakubaliana nawe kwamba hayawezi kutenganishwa, maana anayetaka kuheshimu kazi ya wakati wa vita lazima aulize pia mwenye kazi aliachiwa nini baada ya vita.

Swali langu kwa wote ni hili: lile daftari la Kiziba lipo? Na wengine mna maandishi yoyote, stakabadhi za michango, barua, picha za matawi ya UWT?

Mchangiaji kutoka Kiziba

Daftari liliharibiwa na mchwa, nasikitika kusema. Lakini majina mengi nayakumbuka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiyasoma kwa sauti kwa waliofika. Watu wa vijiji vya Bunazi na Minziro walioandikwa humo bado wana watoto na wajukuu wanaoishi huko.

Mchangiaji kutoka Muleba

Sisi tuna barua ile ya mama wa kijana, na stakabadhi mbili za michango ya kijiji zenye muhuri. Nitazipiga picha na kufunika majina kabla ya kuziweka hapa. Katika kikundi cha bibi wamebaki akina mama wachache walio hai, na mmoja bado ana kumbukumbu nzuri sana asubuhi, kabla hajachoka. Nitakwenda kumrekodi mwezi huu. Mwenye maswali ambayo angependa nimuulize ayaandike hapa chini, na ndugu wa Missenyi tafadhali nitajie vitongoji walikochukua machipukizi, huenda alikuwa miongoni mwa waliotoa.