Anna Maria Luisa de' Medici: alirithi tu, au ndo aliyeiokoa Florence?

Wakuu, hili tulijadili kwa hoja. Kuna watu kila wakisikia wanawake wa Ulaya ya zamani walikusanya sanaa wanajibu eti walirithi tu, hela zilikuwa za baba na waume zao. Mi nakataa kabisa.

Mchukueni huyu mama. 1737 mdogo wake Gian Gastone, mtawala wa mwisho wa ukoo wa Medici uliotawala Toscana, dola ya Italia yenye mji mkuu Florence, anafariki bila mtoto, na mataifa makubwa yalishaamua mapema kwamba Toscana apewe Francis wa Lorraine. Anna Maria Luisa ana miaka 70, mjane, hana mtoto, hana jeshi, na huyo mgeni angeweza kupakia kila kitu akaondoka nacho. Akambana kwa mkataba: picha, sanamu, vitabu, vito, vyote vibaki, kisitoke kitu, viwe pambo la dola, vinufaishe umma na vivutie wageni. Wageni jamani, mwaka 1737!

Na hata huo urithi wenyewe msidhani ni wa wanaume tupu. Ile picha ya Venus wa Urbino ya mchoraji Titian, ya 1538, kijibwa kimejikunja kimelala miguuni pa mwanamke na huko nyuma mjakazi kapiga magoti kainamia kasha la nguo, ilifika Florence 1631 kwenye urithi wa Vittoria della Rovere, bibi mzaa baba wa Anna Maria Luisa.

Sasa linganisheni na Mantova, mji mwingine wa Italia. Isabella d'Este, mke wa mtawala wa huko, aliagiza picha kwa mchoraji Mantegna za chumba chake mwenyewe, akahangaika nazo miaka na miaka, halafu miaka ya 1627 na 1628 ukoo wa mumewe, Gonzaga, ukauza sehemu kubwa ya hazina yao kwa Charles wa Kwanza wa Uingereza, na picha za kile chumba zenyewe zikaishia Ufaransa, leo ukitaka kuziona unaenda makumbusho ya Louvre, Paris. Kununua walinunua, ila hakuna aliyefunga mlango.

Hoja ninayoiheshimu ni ya kodi, kwamba mali ile ilitoka kwenye jasho la watu wa Toscana. Kweli, na ndo maana lile neno umma kwangu lina uzito, maana Uffizi, jumba la sanaa za Medici pale Florence, ilifunguliwa kwa watu 1769, miaka 26 baada ya kifo chake. Je hiyo inatosha kuitwa kuwarudishia chao? Mi nasema ndiyo, anayepinga alete hoja.