Tupeane uzoefu: kifuniko cha objekti kilichotakiwa kisionekane

Mwanzisha mada: Wanajamvi, nimekabidhiwa msimbo wa Python wenye klasi inayofunika objekti nyingine, ili kila wito uandikwe kwenye kumbukumbu kabla ya kupitishwa ndani. Orodha iliyofunikwa inakubali append (kuongeza kitu mwishoni) bila shida, lakini len (kuhesabu vilivyomo) inagoma, kwa sababu Python huitafuta __len__, methodi ambayo len huiita, kwenye klasi yenyewe wala haipitii __getattr__, ile inayoitwa pale tu sifa isipopatikana kwa njia ya kawaida. Vifuniko vyenu vilijifichua wapi?

Kiraka: Hapo hapo, ndugu. Hata kitanzi cha for hukwama vilevile.

Fundi wa Zamu: Umenikumbusha usiku mmoja mchungu. Kifuniko chetu kiliiweka objekti halisi kwenye sifa ya _ndani, na __getattr__ ikasoma humo kila ilichoulizwa. Kilifanya kazi vizuri hadi mwenzetu alipoongeza copy.copy (ya kunakili objekti) kwenye njia ya maagizo ya wateja. Ripoti ya hitilafu ilionyesha mstari uleule wa __getattr__, ukifuatwa na maelezo kwamba umerudiwa mamia ya mara, na sote tukaukodolea macho huo, ilhali copy ilikuwa imeandikwa juu kabisa. Kumbe copy huunda objekti mpya bila kuita __init__ (methodi inayoiandaa objekti), kisha huiuliza kama ina __setstate__ (methodi ya kupokea hali iliyonakiliwa); swali hilo huangukia __getattr__, nayo huitafuta _ndani ambayo bado haijawekwa, hivyo hujiita yenyewe mpaka RecursionError, kosa la kujiita kupita kiasi. Hasattr, ambayo copy huitumia kuuliza swali hilo, haikuokoa, kwa kuwa humeza AttributeError (kosa la sifa isiyopatikana) peke yake. Tangu siku hiyo nashauri __getattr__ ikatae majina yote yanayoanza kwa mistari miwili ya chini.

Mtunza Rejista: Maagizo yalipotea?

Fundi wa Zamu: Hapana, yalisubiri kwenye foleni.

Jicho Kali: Siafiki ushauri huo. Ukizuia majina yote ya namna hiyo, funksheni iliyofunikwa haitaweza hata kutaja __name__ yake. Zuia _ndani peke yake, inatosha.

Fundi wa Zamu: Inatosha kwa copy. Lakini objekti ya ndani ikiwa na __deepcopy__ yake (methodi ya kujinakili pamoja na vyote vilivyomo), copy.deepcopy itakurudishia nakala isiyo na kifuniko, na hutapata onyo lolote.

Safu ya Pili: Kwenye JavaScript, Proxy (kifuniko cha lugha yenyewe) iliyoingia katika lugha mwaka 2015 ikifunika Map (hazina ya jozi za ufunguo na thamani), wito wa get hutoa TypeError, kwa maana Map hudai this, yaani objekti inayoitiwa methodi, iwe Map halisi. Funga methodi kwa objekti ya ndani kwa kutumia bind.

Jicho Kali: Ukifanya hivyo, set (ya kuweka thamani) itarudisha Map ya ndani isiyofunikwa, na anayeunganisha miito atakuwa ametoka nje ya kifuniko bila kujua.

Kiraka: Java nako, methodi ikiita mwenzake kupitia this, wito huo haurudi kwenye kifuniko kamwe.

Mwanzisha mada: Nashukuru. Nitaandika __len__ na __iter__ (inayotumiwa na kitanzi cha for) waziwazi kwenye klasi. Je, isinstance, inayouliza kama objekti ni ya klasi fulani?

Safu ya Pili: Fanya __class__ iwe property (sifa inayokokotolewa na methodi) inayorudisha klasi ya ndani, na isinstance itakubali. Type, inayotaja klasi halisi ya objekti, bado itasema kweli.