Kipande cha nywele kwa mwenye uwaraza: leisi, plastiki au mono kwa joto la Dar?

mtaa_wa_pili:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Uwaraza umepanda mpaka utosini, pembeni na kisogoni nywele bado zipo, za kipilipili, na huwa zinanyolewa fedi ya chini. Nataka kipande cha kufunika juu tu, sio wigi zima. Wauzaji wanataja vitako (ile sehemu ya chini inayoshikilia nywele) vya aina tatu: leisi, plastiki nyembamba na mono (kitambaa kigumu cha nyuzi za nailoni). Kazi ni Kariakoo, kwa hiyo jasho ni la kutwa nzima. Halafu naswali, kwa hiyo kuna suala la maji. Nichukue kipi, kinapimwaje, na kinabandikwaje bila kuumiza ngozi?

ngozi_na_nywele:
Kabla ya kupima chochote, jua upara wako ni wa aina gani. Ule wa kurithi huanzia pembe za paji au utosini, hauumi, hauwashi, na ukiangalia kwenye mwanga vitundu vya nywele bado vinaonekana. Huo unaweza kufunikwa bila wasiwasi. Lakini kama kuna magamba, usaha, muwasho, mabaka ya duara, au sehemu inayong'aa isiyo na kitundu hata kimoja, nenda kliniki ya ngozi kwanza (Muhimbili ipo). Choa cha kichwani kinahitaji dawa ya kumeza, maana krimu haifiki kwenye shina la unywele. Na upara wa makovu ukifunikwa na gundi unaendelea kutambaa chini yake bila mtu kuuona, na mashina yakishakufa hayarudi. Mwenye vipele sugu vya kisogoni asibandike kitu chochote eneo hilo.

Kuna wanaoamini kwamba chini ya kipande kichwa "hakipumui" ndiyo maana upara unazidi. Hapana, shina la unywele linapata hewa kupitia damu. Kwa mvaaji wa kipande, kinachoua nywele ni kuvutwa, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kama unatumia minoxidil (dawa ya kupaka ya kuotesha nywele), elewa kwamba haiendani na kipande kinachokaa kichwani siku kadhaa. Inatakiwa kupakwa kwenye ngozi kavu kila siku, na gundi haishiki juu yake.

kinyozi_temeke:
Mono iondoe kwenye hesabu. Ni imara, hufika miezi minne hadi sita, lakini ukingo wake unaonekana na unahitaji nywele za kuulalia pajini. Kipilipili kifupi hakilali mbele, kinasimama.

Plastiki ni rahisi kusafisha na ukingo wake unapotea kabisa kwenye ngozi. Tatizo jasho halina pa kutokea, linalala chini na kuilegeza gundi. Ile ya milimita 0.03 inachanika ukiisafisha, kwa hiyo anayeitaka achukue 0.06 au 0.08. Leisi ina matundu, inapitisha jasho, ila gundi nayo inapenya na kuganda kwenye mafundo, na maisha yake ni miezi miwili hadi mitatu. Kwa hali yako ningeagiza leisi katikati na mbele, yenye mkanda wa plastiki wa kama sentimita 2.5 pembeni na nyuma. Mkanda huo unashika vizuri tepi (ile inayonata pande mbili), na jasho la utosini linapata njia.

Rangi ya leisi wengi wanaisahau. Leisi nyeupe kwenye ngozi yetu inatoa kivuli cha kijivu pajini hata kama nywele ni nzuri namna gani. Agiza ya kahawia inayokaribia ngozi yako.

Kupima: zungushia kichwa nailoni ya kufunikia chakula, mtu mwingine aikaze, kisha bandika selotepu juu yake matabaka kadhaa mpaka iwe ngumu. Chora mpaka wa upara kwa kalamu ya wino mzito. Mstari wa mbele uwe vidole vinne juu ya nyusi, usishuke hapo. Na pembe ziache zirudi nyuma kidogo. Mtu wa miaka 45 mwenye mstari ulionyooka kama rula anagundulika akiwa ng'ambo ya barabara. Vitako vingi vinakuja inchi 8 kwa 10 na vinakatwa. Kata nyuma na pembeni, kamwe usikate mbele, kwa sababu mbele nywele zimepangwa nyepesi makusudi.

Ujazo wa nywele kwenye kipande usizidi ule wauzaji wanaouita asilimia 120. Ukubwa wa mkunjo unatajwa kwa milimita (4, 6, 8 na kuendelea), na hutaujua kwenye fedi. Acha za pembeni ziote miezi miwili, kata kishungi kidogo utume kama sampuli. Kikiwa na mvi, agiza mvi kwa kiasi hichohicho.

mbandikaji:
Ya kubandika. Nyoa juu siku moja kabla, sio siku ileile, maana spiriti kwenye mikwaruzo inaunguza. Gundi mpya ijaribu kwanza: tone moja nyuma ya sikio, saa 24 hadi 48. Ikiwasha au ikitoa vipele, achana nayo.

Siku yenyewe osha kichwa kwa sabuni isiyo na mafuta, kausha, pangusa kwa spiriti ya asilimia 70, subiri ikauke. Paka gundi ya maji (ile nyeupe) mkanda wa sentimita moja na nusu pajini, tabaka tatu nyembamba. Kila tabaka lisubiri mpaka weupe uishe na iwe angavu kabisa. Mbele ya feni ni dakika tano hadi kumi, masika inachelewa zaidi. Pembeni na nyuma weka tepi vipande vifupi vya sentimita mbili, ukiacha nafasi kati ya kipande na kipande ili jasho litoke. Laza kipande kuanzia katikati ya paji kwenda masikioni, usikivute, kandamiza kwa mgongo wa kitana. Kichwa kisiguse maji saa 24.

mtaa_wa_pili:
Asanteni sana. Mbona nasikia mbele ndiyo hunyanyuka kwanza?

mbandikaji:
Kwa sababu paji linatoa jasho na mafuta kuliko utosi, na losheni ya uso inapanda mpaka kwenye ukingo. Ukiona ute mweupe, ama gundi ilibandikwa haijakauka, ama jasho limeshaingia. Usiongezee gundi juu yake, toa kipande chote usafishe. Gundi za kemikali kali zinastahimili zaidi, lakini kuzitoa ni kazi na harufu yake sio ya chumba kidogo.

Kutoa ndiko muhimu kuliko kubandika. Usivute hata kidogo. Nyunyiza dawa ya kutolea au spiriti ya asilimia 99 kwenye ukingo, mbali na jiko na sigara, subiri dakika tatu hadi tano, halafu kunja taratibu kuelekea nyuma. Dawa za mafuta ya machungwa zinaacha utelezi, usipoosha kwa shampuu gundi inayofuata haitashika. Wauzaji wanasema kipande kinakaa wiki nne bila kutolewa. Kwa joto la hapa hesabu siku tano hadi saba, na kichwa kilale wazi usiku mmoja.

pwani_kuu:
Kuhusu maji. Kama wewe ni Shafii kama wengi wa pwani, udhu unatosha kwa kupaka maji sehemu ya kichwa, hivyo nywele zako za pembeni au kisogoni zinakutosha. Ugumu uko kwenye josho la janaba, maji lazima yafike kwenye ngozi na gundi inazuia. Kwa hiyo tafuta namna ya kukitoa mara moja. Klipu zinatoka kwa sekunde chache, ila zinahitaji nywele za pembeni zenye angalau sentimita mbili na nusu, fedi ya chini haizishiki, na lazima uzihamishe mahali kila mara zisije zikanyofoa nywele. Ukibaki na fedi, tumia tepi peke yake, bandika asubuhi, toa usiku. Kuvaa nywele za bandia kwenyewe wanazuoni wana maneno yao, hilo kamuulize shehe wako kabla hujalipia.