Chamonix nje ya njia: Vallée Blanche, Grands Montets au nipande mwenyewe?

Theluji_Mbichi: Wakuu habari, naomba ushauri wa haraka, nataka kulipia wiki hii. Naenda Chamonix, ule mji wa milimani Ufaransa, kuteleza kwa skii nje ya njia zilizosawazishwa, nimebaki na Vallée Blanche (mteremko mrefu juu ya barafu ya mlima), pembeni mwa Grands Montets (eneo la lifti za skii), au nivalishe skii ngozi za kuzuia kuteleza nyuma nipande mwenyewe bila lifti. Ipi bora?

MzeeBarafu: Mkuu hujasema mwezi gani, uko na nani, na theluji ambayo haijakanyagwa unaimudu vipi. Tukushauri nini hapo?

Kileleni: Vallée Blanche, usijiulize. Gari la kebo linakufikisha kilele cha Aiguille du Midi mita 3,842 unashuka kama kilomita 20, mteremko wenyewe wa kawaida tu.

Nyayo: Mteremko sio shida. Ukitoka kwenye handaki la barafu unashuka kwa miguu ukingo mwembamba, skii mgongoni, kushoto kwako mji wote uko chini huko. Halafu kuna nyufa za barafu zilizofunikwa na theluji. Sisi tulipewa mwongozaji wa bei poa, kundi kubwa, hakuna aliyevaa mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba, mwenzetu mmoja akatoka kidogo kwenye alama za skii apige picha, theluji ikakatika akazama mpaka kwapani, kilichomwokoa ni skii kukwama kwa upana kwenye ufa. Kamba anayo mwongozaji na mwongozaji yuko mbele huko hatumuoni, tumeita mpaka sauti zimekauka, tumemshika kwa fimbo huku tumelala kifudifudi. Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Kileleni: Pole sana, ila hiyo ni kosa la mwongozaji sio la Vallée Blanche.

PodaTupu: Nendeni La Grave jamani, kijiji kingine cha milimani Ufaransa, kebo mpaka mita 3,200, unashuka zaidi ya mita 2,000 na karibu hakuna njia iliyosawazishwa.

MzeeBarafu: Kauliza Chamonix. Grands Montets theluji inakaa vizuri kwa sababu jua halipigi sana, lakini moto wa 2018 ulikata kebo ya juu kabisa, ulizia kwanza. Na usidharau daraja la 3 kati ya 5 la hatari ya maporomoko ya theluji, wengi wanafia hapo, sio la 5.

DadaPuto: Anunue begi la puto, lile linalojaa hewa likuweke juu ya poromoko, awe salama.

Nyayo: Puto halikusaidii ukibamizwa kwenye mwamba dada. Kifaa cha mawimbi cha kumtafuta aliyefukiwa, sepeto na fimbo ndefu ya kuchokolea theluji, kila mtu na chake, na mjue kuvitumia, maana aliyefukiwa ana kama dakika 10 mpaka 15 tu.

Theluji_Mbichi: Samahani wakuu, ni mwisho wa Januari, tuko wawili, njia nyekundu (za ugumu wa kati) naziweza ila theluji nzito inanisumbua. Vifaa tutakodi.

MzeeBarafu: Januari theluji iliyofunika nyufa mara nyingi bado nyembamba. Sogeza mpaka Machi.

Kileleni: Mbona Januari watu wanashuka kila mwaka? Achukue mwongozaji wa kueleweka basi.

PodaTupu: Bima je? Ufaransa uokoaji wa milimani kwa kawaida haulipiwi, ila ukiumia ndani ya eneo la lifti unatozwa, na ukivuka Uswisi gharama ya helikopta ni yako.

DadaPuto: Kwani bima ya kawaida inagusa nje ya njia?